Raba Nyeupe na Mwanamume wa Akala

Mwezi uliopita Papa Furaha aliingia dukani kwangu Lodwar kama mtu aliyetoka tu nje kununua kiberiti, ilhali alikuwa amekaa ng'ambo miaka kumi na sita. Nywele zilikuwa nyeupe zote na tumbo limetangulia, lakini miguuni alikuwa yule yule: viatu vyeusi vya ngozi, vimechongoka mbele, vinang'aa mpaka ungeweza kujinyolea ndevu ndani yake. Hakunisalimia. Aliangalia kwanza ukuta wangu wa viatu, kutoka sakafuni mpaka darini, na niseme ukweli, hakuna ukuta kama huo kutoka Kitale mpaka mpakani mwa Sudan Kusini. Halafu akashusha macho kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe, tupu, hazina mstari, hazina maandishi, hazina mapambo. "Mutoto wangu," akasema, "mpaka leo?" Nikamwambia mpaka leo. Tukashikana pale katikati ya duka, wazee wawili wazima, tukacheka na kufuta macho, na mteja mmoja aliyekuwa akijaribu sandali akaziweka chini akatoka, nadhani alifikiri kuna msiba.

Mimi ni mtu wa kujisifu na sioni haya, kwa sababu hakuna aliyenibeba. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina duka hili na lingine Kakuma, na hao wenye digrii wanaotoka maofisini, wanaotaka kiatu kimoja cha kuvaa Jumatatu kazini, Jumamosi harusini na Jumapili kanisani, wanakuja kuniuliza mimi, Ekiru. Nawajibu bila kufikiri: chukua raba nyeupe isiyo na kitu. Itakaa na suruali ya kitambaa, itakaa na jinzi, itakaa na shati la kitenge, na ukienda mbali huko Nariokotome, kando ya ziwa, kwa gari la wenyewe itakaa pia. Wanafikiri nimeyasoma kwenye simu. Sikuyasoma popote. Niliyapata kwa mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mwaka huo nusura ninyang'anywe mke kabla sijamwoa. Aliyetaka kuninyang'anya ni mwanamume ambaye mpaka leo nalala naye kitanda kimoja. Subiri, nitaeleza.

Mwaka ule lami ilikuwa bado ndoto. Nilikuwa taniboi wa lori, yaani mimi ndiye niliyepakia, nikashusha, nikachimba magurudumu yalipozama mchangani, kutoka Lodwar hadi Kakuma na kurudi. Dereva wangu aliitwa Njuguna, mtu wa kule chini, au Kenya kama tulivyokuwa tukisema, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Chumba changu kilikuwa cha mabati, kitanda kimoja, jiko la makaa, na misumari mitano ukutani. Hiyo misumari mitano ndiyo iliyokuwa kabati langu. Msumari wa kwanza suruali nyeusi, wa pili suruali ya kaki, na mitatu iliyobaki mashati: la bluu, la mistari, na moja jekundu nililolipenda kuliko mashati yote duniani. Chini ya kitanda zilikaa akala zangu, sandali za tairi, na hata hizo hazikuwa pacha. Ya kushoto ilikatwa kwenye tairi la lori, ya kulia ilipasuka nikakatiwa nyingine kwenye tairi la gari dogo, ikashikiliwa kwa msumari ambao kichwa chake kilichungulia chini. Niliingia nazo kila mahali isipokuwa kanisani. Kanisani niliingia na viatu vya watu. Jumapili moja vya Njuguna, vikubwa, nimejaza magazeti mbele. Jumapili nyingine vya fundi cherehani jirani yangu, vidogo, natembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Nilifikiri hakuna anayeona. Baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kunywa chai katika hoteli ya mama mmoja karibu na soko, chumba kirefu chenye benchi mbili, moshi, mandazi ya moto na samaki wa ziwani aliyekaangwa mpaka mifupa inaliwa. Aliyemimina chai ni binti yake, Akai. Mrefu, mtaratibu, mwenye ulimi. Siku hiyo alifika kwangu na birika, akainama kidogo, akachungulia chini ya meza.

"Ejok, Ekiru," akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok nooi."

"Leo umekuja na miguu ya nani?"

Benchi mbili zote zilianguka kicheko. Njuguna, ambaye miguu ilikuwa yake, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mwambie naitaka kabla ya saa nane," akasema. Mimi nilicheka pia, nitafanya nini, lakini nilikwenda nyumbani nimeshika viatu mkononi, na nikaapa mbele ya misumari yangu mitano kwamba nitanunua kiatu changu mwenyewe, kimoja, cha kwenda na kila kitu, na nitakivaa mbele ya msichana yule mpaka akubali kuolewa nami.

Ndivyo nilivyomfahamu Papa Furaha. Alikuwa Mkongomani, anauza viatu vya mitumba pale kwenye kambi ya wakimbizi Kakuma, katika kibanda cha udongo na turubai, na katika vumbi lile lote alikuwa akivaa kama anayekwenda kuapishwa. Nilimwonyesha raba nilizozipenda: nyekundu, zenye mistari ya dhahabu, na kisigino kinachowaka taa ukikanyaga. Akazichukua mkononi mwangu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtu mlevi kisu. "Nguo yako iko ngapi?" akauliza. Nikamwambia tano. "Leta zote." Nikadhani anatania, lakini safari iliyofuata nilikuja na nguo zangu zote kwenye gunia la mahindi. Mkewe alikuwa ametenga bugali na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, tukala kwanza, kwa sababu yeye hakufanya jambo la maana akiwa na njaa. Kisha akatandika mkeka, akazilaza nguo zangu chini, shati juu na suruali chini yake, kama watu waliolala usingizi, na akaanza kuweka viatu miguuni mwao.

Kina mama wa Kisomali waliokuja kununua sandali walisimama kutazama. Vijana wa Sudan nao wakasimama. Kila mtu akatoa maoni. Papa Furaha aliweka zile nyekundu chini ya shati jekundu, akauliza, "Munaona nini?" Kijana mmoja akajibu, "Tunaona moto!" Akaziweka chini ya shati la mistari. "Sasa munaona nini?" "Sarakasi!" Nilikasirika kidogo, shati langu lile. Ndipo akatoa raba nyeupe kutoka chini kabisa ya marobota. Turubai nyeupe, kamba nyeupe, soli nyeupe, basi. Akaziweka kwa bluu, zikakaa. Kwa mistari, zikakaa. Kwa kaki, kwa nyeusi, kwa lile jekundu langu, zikakaa kama zilizaliwa pamoja. "Hii inanyamaza," akaniambia. "Kiatu ya kelele inakula nguo yote. Hii inaacha weye ndio uongee. Lakini sikia, mutoto, hii ni ya kila siku. Si ya Mungu peke yake. Ya kila siku." Niliitikia kwa kichwa. Niseme sasa hivi kwamba sikusikia neno hata moja la hapo mwisho.

Nilimpa beberu wangu mmoja, mnono, niliyekuwa nimemweka kwa jamaa kijijini Nakalale. Mbuzi mzima kwa raba zilizovaliwa! Njuguna alikuwa akitikisa kichwa na kupiga usukani mpaka Lodwar. "Mbuzi ana miguu minne," akaniambia tuliposhuka, "wewe umepata miwili."

Sasa fikiria raba nyeupe katika vumbi la Lodwar. Nilizitunza kuliko nilivyojitunza. Nilizisugua kwa dawa ya meno na mswaki wa zamani, nikazifunika kwa karatasi ya chooni zikauke bila kugeuka manjano, nikazitundika msumari wa sita nilioupigilia kwa ajili yao. Na nilipoanza kwenda kumwona Akai, jioni kabla jua halijazama, nyumbani kwao ng'ambo ya bonde la mchanga la mto uliokauka, sikukubali ziguse mchanga ule wote. Nilitembea na akala, raba nimezitia kwenye mfuko wa nailoni. Karibu na boma lao palikuwa na mgunga mkubwa. Nilikaa chini yake, nikafuta miguu kwa kitambaa, nikavaa raba, nikaficha akala mizizini, kisha nikatembea hatua kama ishirini mpaka kwenye ua, kwa vidole, safi kama yai. Akai alisimama ndani ya ua, mimi nje. Tukaongea. Alikuwa akiangalia miguu yangu, nami nilidhani anastaajabu kwa mapenzi. Nikirudi nilifanya vile vile kinyume chake: raba mfukoni, akala mguuni. Miezi mitatu. Alishaacha kuniuliza miguu ya nani. Akaanza kuniwekea mkia wa samaki, sehemu tamu, hata hotelini mbele za watu. Nikaona sasa ni wakati.

Baba yake aliitwa Mzee Lomuria. Huyu alikuwa mtu wa nyayo. Katika ujana wake, mifugo ikiibwa, polisi walikuwa wakimwita yeye kwanza kabla ya kuwasha gari, na alikuwa akifuata kwato siku tatu juu ya mawe ambapo wewe na mimi hatungeona hata ngamia. Mimi nilijua hivyo. Na mimi mwenyewe nilichunga, najua mbuzi wangu kwa ukwato mmoja, nilikuwa nikijisifu hivyo kila mahali. Basi hebu niambie akili yangu ilikuwa wapi. Nilimtuma Njuguna kwa Mzee, kwa kuwa alikuwa mkubwa na ana heshima, akapeleke neno langu na sukari na tumbaku. Akarudi uso umemshuka.

"Amekataa?"

"Hajakataa," Njuguna akasema. "Amesema binti yake ana wanaume wawili. Mmoja wa raba, mmoja wa akala. Wanakuja jioni zile zile. Amesema mkakubaliane kwanza ninyi wawili, ndipo aongee na mmoja."

Sikwenda kuangalia mchanga. Hilo ndilo jambo la kushangaza, na nimelifikiria miaka yote hii. Mtu ambaye angemtafuta mbuzi wa jirani kwa ukwato hakwenda kuangalia nyayo mlangoni kwa mpenzi wake, kwa sababu wivu ulinifika kichwani kabla ya miguu kuondoka. Nilikwenda moja kwa moja hotelini, watu wamejaa, nikamuuliza Akai, "Nani huyo wa akala?" Akaweka birika chini. "Unaniuliza mimi?" Nikasema baba yako ameona nyayo. Akaniangalia kwa muda mrefu, si kwa hasira, ni kama mtu anayeangalia nguo aliyoipenda akaiona imeliwa na panya. "Ekiru," akasema, "kuanzia leo kunywa chai kwingine."

Wiki mbili nilikunywa chai kwingine, na ilikuwa chai mbaya. Nilizunguka Lodwar nikiangalia miguu ya wanaume. Na Lodwar ya wakati ule, nani hakuvaa akala? Wachungaji, walinzi, wauza mkaa, mpaka katekista. Nilimchukia kila mtu aliyekanyaga tairi. Nilimuuliza mzee mmoja wa watu anakwenda wapi jioni, akaniuliza kama nimekuwa polisi. Kakuma nilimweleza Papa Furaha yote, hata mfuko wa nailoni, naye akafunika uso kwa mikono miwili mabega yakitetemeka. Nilifikiri analia kwa ajili yangu. Sasa najua alikuwa akicheka, na kwamba alikuwa amekwisha kuelewa. "Enda kwa muzee," alisema tu. "Enda mwenyewe."

Nikaenda, alasiri, nimevaa akala, raba mfukoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa chini ya mgunga kufuta miguu niliposikia sauti nyuma ya shina.

"Ejok."

Alikuwa Mzee Lomuria, ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha wazee, kofia yake yenye unyoya wa mbuni imemwangukia kwenye nyusi. Nilisimama haraka, nikauficha mfuko mgongoni. Hakuuangalia.

"Nasikia unatafuta huyu mwenzako wa akala."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nasikia unajua nyayo."

"Najua, Mzee. Nimechunga."

Akanyoosha fimbo kwenye alama za siku nyingi, za kabla sijafukuzwa hotelini, zilizokuwa zimekauka baada ya manyunyu. "Basi soma."

Nikainama nikasoma, na nilitaka aone ni mtu gani anayempoteza. Nikasema huyu ametoka upande wa mtoni. Ni kijana, mzito wa mabega, amezoea mizigo. Akala ya kushoto ni ya tairi la lori. Ya kulia ni tairi la gari dogo, na ina msumari unaochora mstari kila hatua. Hapo nikaongeza kwa dharau, Mungu anisamehe, "Tena ni maskini, Mzee. Mtu gani anakwenda kuposa na tairi mbili tofauti?"

"Endelea," akasema.

"Hapa ameketi. Na hapa sasa mtu wa raba anaondoka kwenda kwenye ua."

"Wa raba alifika hapa akitoka wapi?"

Nikauzunguka mti. Nikauzunguka tena. "Hakutoka popote," nikasema.

"Alianguka kutoka juu? Ni tunda?"

Nikainama tena nikatafuta. Mzee akainua fimbo, akaielekeza nyuma ya mgongo wangu, kule nilikotoka dakika chache zilizopita. "Geuka." Nikageuka. Kutoka mtoni mpaka chini ya miguu yangu, mbichi kabisa, ulikuja mstari mmoja wa nyayo: lori kushoto, gari dogo kulia, na msumari ukichora, ukichora, ukichora.

Mzee alianza kucheka polepole, kwanza tumboni, kisha mabegani, kisha unyoya wa mbuni nao ukacheka. "Nilijua wiki ya kwanza," akasema.

"Mbona basi ulisema wawili?"

"Kwa sababu ni wawili. Wa akala namjua. Akipita kwa mjane mmoja jirani yetu, pale kisimani, nyayo zake zinazama, maana amembebea mtungi. Huyo anatembea kama mtu mwenye kazi. Wa raba anatembea kwa vidole, kama korongo, anaogopa mchanga wa nyumbani kwangu. Nina binti mmoja. Nimpe nani?"

Nikasema, "Mpe wa akala, Mzee. Hizi raba nitazitupa."

"Nani amekuambia utupe? Ni viatu vizuri. Lakini vitoke nyumbani kwako mguuni, vifike kwangu mguuni." Akainuka, akaokota kigoda chake. "Na huyo msichana uliyemtukana mbele ya watu, kamwombe mwenyewe, mbele ya watu. Huko mimi sina nyayo za kusoma."

Wiki hiyo nilipakia lori na raba nyeupe. Nilipakia mkaa na raba nyeupe. Njuguna alifikiri nimerukwa na akili, akanisihi nizivue hata kwa ajili ya yule beberu. Nilizama mchangani nazo, nikamwagikiwa oili kwenye ncha ya raba ya kushoto, na Jumapili nikavaa shati jekundu na suruali ya kaki, nikatembea kutoka chumbani mpaka kanisani na kutoka kanisani mpaka hotelini bila kuruka hata dimbwi moja. Benchi zilijaa. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti, ili hata wa jikoni wasikie: "Yule mwanamume wa akala nimempata. Ni mimi. Nilikuwa nabadilisha viatu chini ya mti." Kisha kicheko kilichofanya mabati yalie. Fundi cherehani alianguka kutoka kwenye benchi, na mama mwenye hoteli akatoka jikoni na mwiko mkononi akitaka aelezwe upya. Akai peke yake hakucheka. Alikuja na birika taratibu, akasimama mbele yangu, akaangalia chini: vumbi, mkaa, doa la oili, kamba zimekuwa rangi ya udongo.

"Miezi mitatu nilijiuliza," akasema, "ni mtu gani huyu anatembea Lodwar asishike vumbi. Niliogopa nimependwa na jini."

"Nisamehe, Akai."

Akanivutia benchi kwa mguu, nikakaa. Akamimina chai mpaka ukingoni.

"Ejok, Ekiru," akasema. "Leo umekuja na miguu yako."

Nilimwoa kabla mwaka haujaisha, nimevaa raba zile zile, amezifua yeye mwenyewe, na lile doa la oili halikutoka mpaka kiatu kilipokufa. Tangu hapo zikichakaa nanunua nyingine kama hizo, tupu, nyeupe, na nazivaa siku ile ile ninapozitoa kwenye boksi, mchangani, kazini, kwa mkwe. Na nikimuuzia mtu, namtoa nje ya duka kwanza akanyage vumbi mbele yangu. Wengine hukasirika. Hurudi baadaye.

Siku ile Papa Furaha alipokuja nilimpeleka nyumbani, Akai alikuwa ameweka mbuzi na samaki. Tulishuka kwenye lami, tukaanza kutembea mchangani, na baada ya hatua chache nikaona mwenzangu amebaki nyuma. Alikuwa ameinama, mtu mzima yule, mwalimu wangu, anavua viatu vyake vya ngozi na kuvitia kwenye mfuko. "Hii vumbi itaniulia biatu," akasema bila aibu, akaja peku. Tulikula, tukacheka, Akai akamtania mpaka jua likashuka. Asubuhi nilimkuta Mzee Lomuria, ambaye sasa macho yake ni hafifu na hutembea ameinama karibu na ardhi, amesimama pale kando ya barabara ameegemea fimbo, anaangalia chini kwa wasiwasi mkubwa.

"Ekiru," akaniita. "Jana kuna mgeni wa viatu vilivyochongoka amefika mpaka hapa, akapotea. Na kuna mwingine peku ameanzia hapa hapa, amekwenda kula kwako." Akaninyooshea fimbo kifuani. "Mlimla yule wa kwanza, au naye ni jamaa yako?"